Naambiwa nitoe sura ya baba yangu kwenye riwaya, nimeshindwa. Naombeni ushauri

Binti_Busisi (Jumanne, saa 5:40 usiku)

Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Mimi ni mdada naishi Nyegezi hapa Mwanza, mchana nafanya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, usiku watoto wakilala naandika. Nina riwaya niliyoianza 2019, ina sura 14, kurasa 286. Inahusu dada wawili wa Sengerema wanaochuuza dagaa, wanafuata mzigo visiwani wanaleta Mwaloni Kirumba, afu yule mkubwa anakopa hela kwa jina la mdogo wake bila kumwambia, hapo ndo undugu unapoanza kuharibika mpaka wanafikia kugawana nyumba ya urithi.

Mwezi uliopita nilimpa mtu mmoja anayeijua kazi ya uhariri aisome kabla sijaipeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, maana ndo lengo langu. Kairudisha na maneno mazuri mengi, kasema mazungumzo ya wale dada yanamsisimua, ila sura ya 4 nitoe yote. Sio nipunguze, nitoe. Anasema kuanzia ukurasa wa 71 mpaka wa 108 wale dada hawaonekani kabisa, msomaji anakaa kwenye foleni ya kivuko kurasa 38 na akitoka hapo ameshasahau deni lilikuwa la nani.

Sasa hiyo sura ya 4 ndo baba yangu. Baba alikuwa anauza mayai ya kuchemsha Busisi, ng'ambo ya ziwa upande wa Sengerema, kwenye foleni ya kivuko tangu 1994 mpaka miguu ilipomkatalia 2019, ndoo ya njano yenye mfuniko, chumvi na pilipili amezifunga kwenye vikaratasi anavyovikata mwenyewe usiku kutoka kwenye madaftari yetu ya zamani ya shule. Mimi na wadogo zangu 4 tumesomeshwa na ile ndoo. Kafariki 2023. Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi likafunguliwa, mnajua wenyewe, kama kilomita 3 unazipita kwa gari kabla wimbo mmoja haujaisha kwenye redio, na mimi nafurahi sana kwa hilo daraja maana wagonjwa wa kwetu wanafika Bugando bila kusubiri. Ila foleni haipo tena. Pale alipokuwa anasimama baba hakuna mtu wa kumuuzia yai. Kwaiyo ile sura ndo sehemu pekee duniani ambayo baba bado yupo na bado anauza, na mimi ndo niitoe kwa mkono wangu?

Nimefungua lile faili siku 11 mfululizo naliangalia tu nalifunga. Waliowahi kuandika, kuimba, kuchora, chochote, mliwezaje kutoa kitu mnachokipenda? Na unajuaje kama kweli kinatakiwa kitoke?

KalamuNzito (Jumanne, saa 5:58 usiku)

Pole kwa msiba wa mzee. Jibu langu ni toa. Mtu anayesoma hamjui baba yako, anawajua wale dada, na umemnyima hao dada kurasa 38. Hifadhi faili pembeni, toa, endelea.

SautiYaMabatini (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Mimi nampinga KalamuNzito na naomba dada usifanye haraka, nakwambia kwa uchungu maana limenikuta. Mimi naandika mashairi, kulikuwa na shairi moja niliandika usiku ule wa ajali ya kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, watu wa Ukara na Bugolora tulikuwa tunapigiana simu usiku kucha kuulizana nani yupo nani hayupo, nikaandika mpaka alfajiri kwenye daftari la mwanangu. Lilikuwa halina vina, mizani imekwenda ovyo, mstari mmoja unarudiwa mara 3. Baadaye nikaanza kulirekebisha, kila mwaka nalirekebisha, nikaweka vina, nikatoa ule mstari unaojirudia, nikabadilisha maneno ya kawaida nikaweka maneno ya kamusi, miaka 5 nzima. Mwaka juzi nikalisoma mbele ya watu, likapita kama tangazo. Mama mmoja aliyempoteza mdogo wake kwenye ile ajali akanifuata akaniuliza kwa upole tu, hivi lile la mwanzo ulilotusomeaga nyumbani bado unalo? Nikalitafuta daftari wiki nzima, kurasa zile zilishachanwa.

Kwaiyo kurekebisha kunaweza kuua pia. Ule mstari uliojirudia mara 3 ndo ulikuwa kilio chenyewe, mtu anayelia hasemi kitu mara moja, na mimi nikauona kosa la mizani. Kabla hujagusa kitu chochote dada, toa nakala ya kwanza, ichapishe kwenye karatasi, andika tarehe juu, weka kwenye bahasha mpe mtu mwingine akutunzie. Hapo sasa ukate unavyotaka.

KalamuNzito (Jumatano, saa 2:05 asubuhi)

SautiYaMabatini pole sana, kwenye nakala ya kwanza upo sahihi kabisa na naongezea flashi zinakufa, karatasi ni karatasi. Ila shairi la kilio na riwaya ya kurasa 286 sio kitu kimoja. Shairi lako liliharibika kwa kupambwa, ya dada imejaa kupita kiasi. Wewe uliongeza vitu vya kamusi, yeye anaambiwa apunguze.

FundiMitumbwi_Igombe (Jumatano, saa 3:30 usiku)

Mwangaluka wote ingawa ni usiku. Mimi sio mtu wa vitabu, nimeishia darasa la saba, ila nimeisoma hii posti yako binti yangu nikaona niseme maana kazi yangu ni mitumbwi, mwaka wa 27 huu hapa Igombe, ya dagaa na ya sangara, mipya na ya kukarabati, na kukarabati ndo kugumu kuliko kutengeneza mpya.

Mteja anakuja anasema fundi inaingiza maji hapa. Karibu kila siku pale anapoonyesha sipo, maji yanaingilia huku yanatokea kule. Unachukua nyundo unagonga ubao mmoja mmoja unasikiliza, ubao mzima unalia, uliooza unanyamaza. Ila kuna wa tatu huyo ndo anasumbua, ubao ni mzima, mninga safi kabisa, ukiugonga unalia vizuri, lakini umekaa pasipo pake. Fundi wa mwanzo aliulazimisha kwenye pinda isiyo yake, kila mwaka misumari inang'oka na unawafungua na wenzake wa pembeni. Huo ukimwambia mwenye boti nautoa anakasirika, anasema fundi unataka kula hela yangu, ubao mzima huu! Na kweli ni mzima. Sura yako kwa maelezo yako naona ni ubao wa namna hiyo. Huyo aliyekusomea hajasema umeoza, amesema wenzake wanafunguka.

Sasa ukiutoa huutupi. La kwanza, ule ubao wa zamani ndo kipimo chako, unaulaza juu ya mbao mpya unachora pembeni yake na penseli ndo unapata umbo, bila huo wa zamani utakata kwa kukisia na utaharibu mbao. La pili ukiwa mzima unapata kazi kwingine, nimeshatoa ubao wa ubavuni nikaufanya kiti cha wavuvi kwenye boti ileile, mwenyewe anaukalia kila usiku akienda kuvua.

Na kitu kingine naona wengine hawajagusa. Umesema 2019. Boti ikikaa nchi kavu muda mrefu jua linakausha mbao, zinaachana, unaona mwanga katikati, ukiishangaa kila siku na kuipiga rangi unazidi kuikausha. Ukiishusha majini siku za kwanza itavuja, lazima ivuje, mtu anakaa na kopo anakumbia maji, afu mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana zenyewe. Hapo mimi nanyanyua mikono, siwezi kuibana boti nchi kavu kama ziwa linavyoibana. Kwaiyo rekebisha ila ujue iko siku unaishusha na kovu zake.

Mkerewe_Nansio (Alhamisi, saa 4:10 asubuhi)

Fundi umenifundisha kitu leo, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nitaitumia hiyo ya ubao mzima uliokaa pasipo pake darasani.

Dada nakuletea mfano wa jirani, hapo ng'ambo tu kwetu Ukerewe. Mzee Aniceti Kitereza aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza 1945. Mswada mkubwa, maisha yote ya Wakerewe yamo. Hakupata mtu wa kuuchapa kwa Kikerewe. Mwisho wa yote akiwa ameshazeeka akakaa chini akauandika upya wote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe kwa mkono wake. Hebu fikiria hiyo kazi. Kila sentensi uliyoipenda kwa lugha ya mama yako unaiachia, unaenda kuitafuta upya kwenye lugha nyingine na unajua kuna vitu haviji vyote. Wewe unalilia kurasa 38, yule mzee aliachia lugha nzima ili hadithi ipite. Kilitoka 1980 kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House, na mzee akafariki 1981.

Lakini ngoja, sijamaliza, maana huo mfano unaweza kukutetea wewe pia. Kile kitabu kimejaa vitu ambavyo mhariri wa leo angesema kata. Kulima, kuvua, dawa za miti, adabu za ukweni, jinsi ya kupika pombe ya ndizi hatua kwa hatua. Na ndo vinavyokifanya kiwe kitabu cha ajabu, wanafunzi wangu wanajifunza humo vitu ambavyo babu zao hawakuwaambia. Kwaiyo hoja kwamba "stori imesimama" peke yake hainitoshi.

Nimekaa nikafikiria tofauti iko wapi. Chukua hiyo pombe ya ndizi. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu za mume wanamsimanga hazai, na Myombekere akitaka mkewe arudi anatozwa pombe. Ndizi zenyewe hana za kutosha, hajui aanzie wapi, anahangaika kwa watu. Kwaiyo pale unaposomeshwa namna ya kuivisha ndizi na kuzikamua wewe husomi mapishi, unamwangalia mwanaume anayemtaka mke wake. Kila hatua ukikosea mke harudi! Mapishi yamebebwa na shida ya mtu.

Sasa swali langu kwako na naomba ujibu kwa ukweli: kwenye hizo kurasa 38, yale mayai nani anayahitaji? Wale dada wana shida gani na yai la baba yako? Kama hawana, basi KalamuNzito kasema kweli ingawa kasema kwa ukali. Kama wanayo na wewe hujaiandika, basi sura haitoki, inaandikwa upya.

Binti_Busisi (Alhamisi, saa 5:15 usiku)

Mwalimu nimesoma swali lako nikiwa kazini nikashindwa kujumlisha mahesabu. Jibu la kweli ni kwamba hawayahitaji. Hawajawahi hata kupita pale. Niliiandika ile sura wiki 3 baada ya mazishi, niliichomeka kwenye riwaya kwa sababu riwaya ndo ilikuwa imefunguka kwenye kompyuta.

Mzee Fundi shikamoo na wabeja sana. SautiYaMabatini kesho naenda stesheneri kuchapisha. Niacheni nikae na hili.

SautiYaMabatini (Ijumaa, saa 1:00 asubuhi)

Wiki 3 baada ya mazishi. Dada hiyo sio sura, hiyo ni barua. Usiitupe hata ukiitoa.

Binti_Busisi (Jumapili, wiki 5 baadaye, saa 3:45 usiku)

Wakuu narudi, samahanini nilikaa kimya.

Nilichapisha zile kurasa 38 nikaenda nazo Busisi kwa mama. Nilimwambia mama nakusomea kitu nilichoandika kuhusu baba, akafunga mlango, akazima redio, akakaa. Nikaanza kusoma kwa sauti. Aisee kusoma kwa sauti mbele ya mtu anayemjua unayemwandika ni kitu kingine kabisa, sentensi nilizokuwa najivunia zilinitoka mdomoni kama sio zangu. Nilikuwa nimeandika baba anaita wateja kwa sauti nzito kama ya kengele ya kanisa, ukurasa mzima wa hiyo sauti. Mama akaninyanyulia mkono. Akasema mwanangu baba yako alikuwa haiti mtu, alikuwa ana aibu, alikuwa anagonga mfuniko wa ndoo na kijiko, mara mbili, anasubiri, mara mbili tena. Mimi mtoto wake sikujua. Nilikuwa nasoma bweni, likizo nikija nilikuwa naona aibu kwenda pale foleni wasichana wenzangu wasinione, sasa hiyo sauti ya kengele nilimtungia mimi, nadhani nilitaka awe baba asiye na aibu ili na mimi nisiwe nimemwonea aibu. Nililia pale mpaka mama akaja kunishika.

Afu tukaendelea. Mama alinisahihisha mpaka usiku. Kumbe mayai yakibaki alikuwa hayarudishi nyumbani, alikuwa anampa utingo mmoja wa lori ambaye walikuwa hawajuani hata jina. Kumbe siku basi zikiwa nyingi alikuwa anavaa shati jeupe. Nikamuuliza kwanini mama, akasema sijui, sikuwahi kumuuliza.

Basi nikarudi Nyegezi nikafanya hivi. Ile sura nimeitoa yote kwenye riwaya. Ilikuwa Jumatano usiku, nilikaa na kidole pale kama nusu saa nzima. Riwaya ikawa na sura 13. Halafu ile sura yenyewe nikaiandika upya pembeni, bila wale dada, bila mpango wowote, kwa vitu alivyonipa mama, imekuwa kurasa 52, nimeichapisha nakala 6, moja ya mama, nne za wadogo zangu, moja yangu. Yule baba wa sauti ya kengele hayumo humo.

Swali la mwalimu likakataa kuniacha lakini. Yai nani analihitaji. Nikawa narudi kwenye sura ya 6, pale mdogo anapotoka Sengerema anakuja mjini kumuuliza dada yake kuhusu deni, mwanzoni nilikuwa nimemshusha tu Mwanza kwa sentensi moja kwamba alivuka akafika. Nikamsimamisha Busisi. Hajala tangu jana, hela aliyonayo ni nauli tu, anasikia mfuniko wa ndoo unagongwa mara mbili, kimya, mara mbili. Anajua akinunua yai nauli haitoshi. Hapo nimeandika kurasa 3 na nusu na ndo kurasa pekee kwenye riwaya yote ambazo sikuzirekebisha sana, ziliandikika kama mtu aliyekuwa anasubiri nimwite. Baba hana jina humo, ana mistari kama 9 tu na shati jeupe. Yule mhariri nimemtumia hiyo sura ya 6, kajibu neno moja, "bakiza".

Mzee Fundi, umbo la zile kurasa 3 nimelichora kutoka kwenye ule ubao wa zamani. Bila zile 38 nisingejua pa kukata.

Ila kuna kimoja bado kinanisumbua. Mle kwenye riwaya mwaka ni 2016, kivuko kipo. Nilikuwa na aya moja ya mwisho wa kitabu inayoruka mbele mpaka daraja linafunguliwa na yule mdogo anapita juu kwa gari bila kusimama. Naipenda sana hiyo aya na nimeshaanza kuogopa kila ninachokipenda sana. Mwalimu unaonaje?

Mkerewe_Nansio (Jumatatu, saa 1:30 asubuhi)

Hongera sana dada, na mpe pole na pongezi mama. Kuhusu hiyo aya usiogope kitu kwa sababu tu unakipenda, hilo nalo litakukausha, mbona hizo kurasa 3 na nusu unazipenda na zimebaki. Kiulize lilelile. Yule mdogo akipita juu bila kusimama, anakikosa nini? Kama anajua anachokikosa, mwache apite.

KalamuNzito (Jumatatu, saa 2:15 asubuhi)

Dada mimi nilikwambia toa, endelea, kama vile ni kazi ya dakika 5. Samahani. Wiki 5 ulizokaa nazo ndo zilikuwa kazi yenyewe. Mwisho wa kupokea miswada ukitangazwa ushushe majini kama alivyosema fundi, usirudi tena nyuma mpaka mwakani.

FundiMitumbwi_Igombe (Jumatatu, saa 3:50 usiku)

Marahaba binti yangu. Nilikuwa napita pale Busisi sana kati ya 2007 na 2012, nilikuwa nafuata mbao upande wa Geita. Nakumbuka mzee mmoja mwembamba, ndoo ya njano, haongei. Kikaratasi cha pilipili kilikuwa na hesabu za mtoto za kugawanya, nilikuwa nazisoma huku nakula. Sijui kama ndo yeye, wauza mayai walikuwa wengi.

Ile nakala ya kurasa 52, kuna ya saba?

Binti_Busisi (Jumatatu, saa 4:02 usiku)

Kugawanya kwa njia ndefu, kwa wino wa kijani? Ni daftari langu la darasa la tano mzee, yalikuwepo mengi, alivitumia miaka na miaka.

Kesho nachapisha. Jumapili nakuletea Igombe mwenyewe.